Naomba ushauri: kuhamisha kanda za kaseti kwenda kwenye kompyuta

Wakuu, heshima kwenu.

Nina boksi la kaseti alizoacha marehemu baba: Mlimani Park, Vijana Jazz, na taarabu aliyorekodi mwenyewe redioni, mtangazaji akidakia katikati ya wimbo. Msiniambie nipakue YouTube, huko mtangazaji hayumo. Nyingi ni za dakika 90, ambazo utepe wake ni mwembamba kuliko wa zile za 60, na baadhi zimeota ukungu mweupe.

Nimenunua deki ya mtumba Kariakoo. Nimesafisha hedi (kichwa kinachosoma utepe) kwa spiriti na pamba, nikachomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye laptop, narekodi kwa programu ya Audacity. Shida ni kwamba wimbo unaanza vizuri, baada ya muda sauti inalegea na kuvutika kama ya mlevi. Nimebadilisha kanda, hali ni ileile, kwa hiyo nahisi belti ya mota imelegea.

Je, belti hizo bado zinapatikana Dar, au kuna fundi mnayemwamini? Na zile zenye ukungu nizisafisheje bila kukata utepe?

Natanguliza shukrani.