Mnaopanga wiki shambani mwezi huu wa nane, mnaigawaje? Mavuno yameisha ila mapumziko sijayaona

MamaWawili_Hombolo
Habarini wapendwa. Mi nilikuwa mtu wa Dar kabisa, tumehamia huku Dodoma kwa kina mume wangu upande wa Hombolo mvua zilipokata. Wote waliniambia vumilia mavuno yaishe, kipupwe huku watu wanaota moto tu. Haya, mtama umepurwa, alizeti iko kwenye viroba, mbona silali? Asubuhi upepo unavuma mabati yanalia, vumbi limeingia mpaka kwenye unga, niwashe moto, nichemshe chai, mkubwa yuko la saba na mwezi wa tisa ana mtihani kwa hiyo shule wanataka awahi, mdogo anakohoa usiku kucha, na hapo maji sijachota. Kisima cha karibu kimeanza kutoa tope, tunaenda cha mbali na ukifika foleni ya madumu haijaisha. Narudi, mama mkwe ananiambia kuni hakuna. Baba watoto kipindi cha kilimo alishinda shamba, sasa anashinda "mjini kuangalia bei ya alizeti", mnanielewa.
Nyie wenyeji kufua mnafanya lini, kusaga lini, kuni lini? Afu kuku wa majirani wanakufa ovyo, ni hii baridi au?

Bibi_Mizabibu
Pole mwanangu. Usigawe kwa siku kama watu wa ofisini, gawa kwa maji. Sisi huku Mpunguzi tunakodi mkokoteni wa punda Jumanne na Ijumaa, unajaza pipa na madumu yote ya nyumba, na siku hiyo hiyo ndo nguo zinafuliwa, watoto wanaoga vizuri, maji ya kusuuzia yanaenda kwenye mchicha nyuma ya jiko. Siku zilizobaki ni ya kunywa na kupikia tu, mtu akichafua shati Jumatano namwambia subiri punda 😂 Na punda akienda hendi bure, anapita mashineni na mtama wa wiki nzima. Wewe ukibeba debe moja la kusaga kila baada ya siku mbili utaishia njiani.
Kuni usiende mlimani. Kama mna visiki hai shambani, hiki kiangazi ndo wakati wa kupogolea, unaacha machipukizi machache yaliyonyooka yawe miti, mengine unakata, yale matawi yakikauka ni kuni. Muulize mama mkwe atakuonyesha, na ukimuuliza atafurahi kuliko ukinyamaza.
Sisi huku zabibu nazo zinaanza kuiva, watoto wakitoka shule ni kufukuza ndege mpaka giza, chakula cha jioni kinachelewa hata ufanyeje. Hilo mi nimeshaacha kugombana nalo.

Mtemi_wa_Jioni
Shemeji bei ya alizeti haijifunzwi kwa kushinda vijiweni mjini, mwambie apande gari aende soko la mazao Kibaigwa akaone wanunuzi wenyewe, sio kusikia kwa watu. Ila na sisi wanaume mtuonee huruma jamani, huu mwezi kazi zipo, kusomba mabua kabla ng'ombe za watu hazijayamaliza, kutoa samadi zizini, kukandika nyumba kabla ya mvua ya Desemba. Na Jumamosi lazima mtu apite mnada wa Msalato hata kama hauzi mbuzi, habari zote ziko pale.

Bibi_Mizabibu
Habari au nyama choma? Nauliza tu.

Mtemi_wa_Jioni
Bibi vyote viko sehemu moja 😅

Dada_wa_Kongwa
Mi naongezea kwenye upande wa stoo maana naona hamjaigusa, na hapo ndo wengi wanalia mwezi wa kumi na mbili. Huu upepo na jua ni mali, utumie. Kabla hujafunga nafaka ianike tena mpaka ukiing'ata inakatika kwa mlio, afu iweke kwenye ile mifuko yenye nailoni mbili ndani, unafunga ya kwanza, unafunga ya pili, unafunga na kiroba cha nje. Hewa ikiisha mle ndani wadudu wanakufa wenyewe, huhitaji dawa. Ila ukiwa unafungua kila siku kuchota nafaka ya ugali umeharibu kazi yote, ndo maana Bibi anasaga ya wiki nzima, tenga mfuko mmoja wa kula na mingine usiiguse. Na panya akitoboa nailoni imekwisha hiyo, iweke juu ya mbao mbali na ukuta.
Alizeti usiuze yote. Kamua kidogo mpate mafuta ya nyumbani, na mashudu usiyaache mashineni, ng'ombe wa maziwa saa hizi majani hana, maziwa yanapungua, ukimpa mashudu na mabua anajitahidi. Watoto watakushukuru maana mlenda mkavu kila siku hata uweke karanga wanachoka.
Jumatano mchana mi sipo nyumbani, niko kikoba. Hata ndoo iwe tupu. Mume anajua siku hiyo anapika au anakula kiporo.

Kuku_wa_Mpwapwa
Dada kuhusu kuku, baridi pekee haiui hivo. Kama wanazubaa, wanaharisha kijani, wengine shingo inapinda, huo ni mdondo, na kiangazi ndo unashika kasi. Aliyeugua hana dawa. Wazima wapate chanjo ya I-2, tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu, hata vifaranga wanapewa. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi sana kwa hiyo usinunue peke yako, changeni majirani mfanye siku moja wote, jioni wakiingia bandani hamtawakimbiza. Na waliokufa wazikwe au wachomwe, msiwape mbwa, wala mtu asilete kuku wa mnadani akawachanganya na wa nyumbani hapo hapo.

MamaWawili_Hombolo
Jamani asanteni, shingo zinapinda kweli! Wangu bado wazima. Mume nimemsomea ya Kibaigwa akacheka, kasema Alhamisi anaenda na sampo ya alizeti. Punda nimeshaongea na kijana mmoja, anasema Ijumaa ana nafasi. Ila hapo kwa Dada wa Kongwa, hiyo ya kutokuwepo Jumatano mama mkwe wako alikubalije?

Dada_wa_Kongwa
Alikubali? Yeye ndo mwenyekiti wetu wa kikoba 😂

Kuku_wa_Mpwapwa
@MamaWawili chanjo iulizie duka la dawa za mifugo au kwa afisa mifugo wa kata, nenda na chupa ya chai yenye barafu ndani, isipigwe jua njiani. Afu fanya wiki hii hii, wakianza kuzubaa na wako umechelewa.