Nakatwa SHA (bima ya afya ya serikali hapa Kenya) kila mwezi, hospitalini naambiwa silipiwi. Hiyo pesa huenda wapi?

Jameni, kuna mtu hapa Nakuru ambaye makato yake hufika yanakopelekwa? Nauliza nikiwa na hasira, na yeyote anayetaka kuniambia "shukuru una kazi" apite tu.

Niliajiriwa miezi mitatu iliyopita, karani wa stoo kwa kampuni moja ya usambazaji hapa mjini. Siku ya mahojiano madam wa HR aliniapia kwamba marupurupu yote yapo, hadi bima ya familia. Barua ya kuajiriwa ilikuwa ukurasa mmoja: mshahara 28,000, saa za kazi, kisha mstari wa chini kabisa, "na marupurupu mengine kwa mujibu wa sera ya kampuni." Nikatia sahihi. Mtu amekaa nyumbani miezi minane, akipita kwa mama mboga anainamisha kichwa, huyo ndiye ataanza kuuliza sera iko wapi?

Slipu ya kwanza niliipenda hadi makato yake. NSSF, akiba ya uzeeni, 1,680. SHA 770. Tozo ya nyumba 420. PAYE, kodi ya mshahara, 282 na senti hamsini. Nikabaki na 24,847. Jioni nikakaa na kikokotoo cha simu: asilimia 6, asilimia 2.75, asilimia 1.5, kila kitu sawasawa hadi senti. Kukata wanajua, hapo siwalaumu.

Wiki jana mtoto akashikwa na nimonia. Daktari akasema alazwe. Kwenye dirisha la malipo binti akachukua kitambulisho changu, akabofya, akabofya tena, kisha akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. "Baba, huku inaonyesha hujalipiwa." Nikamwambia haiwezekani. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya slipu, ile 770 nimeikuza kwa vidole ijae kioo. Akaiangalia polepole. "Hii inaonyesha umekatwa. Haionyeshi kama wamepeleka." Hakusema kwa ubaya, na afadhali angesema kwa ubaya, maana foleni nzima nyuma yangu ilinyamaza kusikiliza. Tulilala siku tatu, bili 14,600. Shemeji alituma nusu kutoka Kisumu, iliyobaki nikakopa kwa simu, na hiyo riba nayo mnaijua.

Narudi kazini naambiwa nini? "Kijana, hayo ni mambo ya akaunti, sistimu ilikuwa chini." Madam, miezi mitatu? Mchango wa mwezi unafaa kufika kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tarehe 9 zimepita mbili, ya tatu iko njiani, na mishahara hiyo yote imeingia bila sistimu kuanguka hata dakika moja.

Basi nikauliza bima ya familia. "Hiyo huanza ukimaliza probesheni, miezi sita. Iko kwenye sera." Nikaomba kuiona sera. Iko kwenye droo ya meneja. Meneja yuko Nairobi. Ufunguo anao yeye.

Jamani! Ningejua tangu mwanzo kwamba bima ni baada ya miezi sita, ningejipanga. Ningeweka kitu kidogo kando. Kinachoniuma ni kwamba niliambiwa "iko" na nikapanga maisha ya mtoto juu ya hilo neno.

Nimekesha nikisoma Sheria ya Ajira ya 2007, na nyinyi mlioajiriwa juzi kaisomeni. Kifungu cha 19 kinasema pesa ikikatwa kwa mfanyakazi lazima ipelekwe inakotakiwa kwa wakati wake, na asiyepeleka anatenda kosa. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, huku kwetu tunaambiwa 14 kama hisani. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo ukaugua, una siku saba za mshahara kamili na saba za nusu, bora uwe na karatasi ya daktari. Nani aliwahi kuniambia? Hakuna.

Halafu kuna hili. NSSF mwajiri anatakiwa kuongeza 1,680 yake juu ya yangu. Ya nyumba aongeze 420 yake. SHA ndiyo pekee haongezi hata ndururu! Kazi yake ni kubeba 770 yangu na kuifikisha, kama makanga aliyepewa nauli na abiria. Hata hiyo imemshinda.

Mzee mmoja wa stoo, amekaa hapo miaka sita, alinivuta kando nyuma ya magunia ya mchele. "Nyamaza, kijana wangu. Taarifa yangu ya NSSF ina mashimo kama wavu wa omena, na bado niko." Nikamuuliza kwa nini hajaenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi. Akacheka, akaenda kupokea lori.

Slipu zangu tatu nimezichapisha, ziko kwenye bahasha pamoja na bili ya hospitali. Nauliza wale mliowahi kupeleka malalamiko leba Nakuru mkiwa bado kazini: walimwita mwajiri kwa jina lako, au mliweza kwenda kama kundi? Tuko watu kumi na moja na watatu tayari wamekubali.