Naomba ushauri: kaka yangu ana wake wawili na anataka kubatizwa

Wapendwa, shikamoni wakubwa. Kaka yangu ameokoka, ana wake wawili na watoto kwa wote. Mchungaji anamwambia amwache mke mdogo ndipo abatizwe. Huyu shemeji hana kosa lolote, naye ameamini pia. Nashindwa kulala nikiwaza.

Nimeyapekua Maandiko. Mathayo 19 Yesu anarudi kwenye mwanzo, wawili kuwa mwili mmoja, na 1 Timotheo 3:2 askofu awe mume wa mke mmoja. Hapo sina ubishi, mpango wa Mungu naona ni mke mmoja. Na nyumba ya Yakobo, Raheli na Lea wanavyogombania zamu ya mume kwa tunguja (Mwanzo 30), nani angeitamani?

Ila Kutoka 21:10 inasema mtu akioa mke mwingine, yule wa kwanza asipunguziwe chakula, nguo wala haki yake ya ndoa. Sheria inamlinda mwanamke aliyekwisha kuolewa! Halafu tumtimue huyu, aende wapi na wanawe? Kumwacha mke nako Yesu amekukemea mle mle Mathayo 19.

Nasikia Waanglikana kwenye mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth wa 1988 waliruhusu mwenye wake wengi abatizwe pamoja na familia yake, asilazimishwe kuwaacha, mradi aahidi kutoongeza mwingine na jumuiya ya pale iridhie. Naona kuna hekima hapo.

Kanisani kwenu mnafanyaje? Na kaka amjibu nini mchungaji bila kumvunjia heshima?