Mjadala: Je, "ubwiriunga" liingie kwenye kamusi?

Wadau, salamu kutoka Newala. Juzi nimebishana na mwalimu mwenzangu hadi chai ikapoa. Tunakusanya maneno ambayo kamusi ya shuleni kwetu haina, nikaandika ubwiriunga, yaani ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho, akalikata. Hoja yake: hilo ni neno adimu la wataalamu wa kilimo, libaki kwenye vitabu vya istilahi; kwenye kamusi ya watu wote "ukungu" linatosha.

Nampinga, tena kwa nguvu. Adimu kwa nani? Ingia shamba la mikorosho huku kwetu mwezi wa saba, asubuhi, umande haujakauka. Shika shada la maua: limejaa unga mweupe, ukiligusa unakubakia vidoleni. Baada ya siku kadhaa maua yanageuka kahawia na kukauka, korosho haishiki. Mama yangu hakufika darasa la nne, na hicho anakiita ubwiriunga. Hakuna jirani aliyewahi kumuuliza maana yake. Kipimo changu ndicho hicho: watu wasiojuana wakilitumia neno wakaelewana bila kufafanuliana, neno hilo ni la lugha.

Na "ukungu" halitoshi hata kidogo. Mikorosho ina magonjwa mengine: blaiti nayo ni ukungu, chule nayo ni ukungu. Salfa, dawa tunayopuliza, inazuia ubwiriunga, blaiti haiiwezi. Mkulima akiambiwa tu kwamba mikorosho yake ina ukungu, atapuliza salfa msimu mzima, hela iishe na ugonjwa ubaki palepale.

Halafu neno hili limebeba historia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho kama tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu kuhamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, kulichangia, na bei mbaya pia, lakini ubwiriunga umo, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamepambana nao miaka na miaka.

Nakubaliana na mwenzangu kwenye tahajia: wapo wanaoandika "ubwiri unga", maneno mawili, na hilo lichunguzwe kwanza. Nakubali pia kwamba oidiamu, jina la kuvu wenyewe, libaki vitabuni. Mnadani sijalisikia, wala kwenye chama cha msingi cha wakulima.

Sasa nyie wa Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Ruangwa, ugonjwa huo nyumbani mnauitaje? Andikeni vilevile wazee wanavyotamka, na mtaje kijiji.