Nimerudi kwenye gofu ya diski baada ya miaka mingi: diski hazifiki na kiwiko kinauma, naomba ushauri

Mleta uzi:
Wanajukwaa wenzangu, salaam. Niliacha gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski hadi ziingie kwenye kikapu chenye minyororo, mwaka 2006, mwaka uleule ambao Mmarekani Ken Climo alitwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya 12, na wakati huo nilikuwa mchezaji wa mashindano niliyezoea kurusha mita 110 bila kujikamua. Sasa nina miaka 51, majukumu yamepungua, na miezi miwili iliyopita nilirudi uwanjani na begi langu lilelile.

Nikisimama mita sita kutoka kwenye kikapu, mkono unakumbuka kila kitu, na mlio wa minyororo bado unanisisimua. Kwenye mirusho ya mbali ndiko ninakokwama: diski ambayo zamani ilinyooka hadi mwisho, sasa inafika mita 60 hivi, inakata kushoto na kudondoka. Niliamini kwamba plastiki imechoka, nikanunua diski mpya za kasi ya 13 (namba ya kasi ambayo kila diski hupewa), kumbe hizo ndizo zinazowahi zaidi kukata kushoto. Nikaongeza nguvu, na sasa upande wa nje wa kiwiko cha kulia unauma kiasi kwamba asubuhi kunyanyua kikombe kilichojaa ni shida. Je, nibadili diski, nibadili mtindo wa kurusha, au nikubali kwamba umri umekwisha kuamua? Natanguliza shukrani.

Mchangiaji wa kwanza:
Karibu tena, mkuu, na pole kwa kiwiko. Maelezo yako yenyewe yanaonyesha kwamba diski za zamani hazina kosa. Diski iliyochakaa, ukingo ukiwa umejaa makovu ya miti na minyororo, huelekea kulia inaporushwa kwa mkono wa nyuma, yaani mkono ukianzia upande wa pili wa kifua na kufunguka kwenda nje, na mtu anayetumia mkono wa kulia. Yako inakwenda kushoto mapema, jambo linalotokea pale diski inapoondoka mkononi na mwendo mdogo kuliko inaouhitaji. Kilichopungua ni kasi ya mkono. Namba 13 haina maana kwamba diski itakwenda mbali zaidi, bali inakueleza ni kasi kiasi gani unapaswa kuirusha nayo ndipo iruke kama ilivyokusudiwa, na ndiyo maana kila ulipopanda namba ulipoteza mita.

Shuka hadi kasi ya 7, chukua zenye uzito wa gramu 160 hivi badala ya 175, na zile za 13 ziweke kabatini. Mwezi wa kwanza ningekushauri utumie diski moja tu ya masafa ya kati, tena ukiwa umesimama bila kupiga hatua, kwa sababu hapo ndipo utakapoona kama nguvu inatoka kwenye nyonga au unaukamua mkono peke yake. Mguu wa mbele ukanyage kwanza, nyonga ifuate, bega lije baada ya hapo, na diski ipite karibu na kifua kwa mstari ulionyooka; ikizunguka mbali na mwili, kiwiko ndicho kinacholipa. Vidole pia visibane tangu mwanzo, vikaze pale mwishoni tu. Ukishaachia, kisigino cha mguu wa mbele kigeuke, la sivyo goti nalo litaanza kulalamika.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila naomba nisisitize jambo moja kwa sababu mimi nililidharau na likanigharimu msimu mzima. Misuli hurudi mapema kuliko kano, kwa hiyo utajiona una nguvu wakati kiwiko bado hakijawa tayari kuibeba. Maumivu ya upande ule wa nje, yanayoamka unaposhika kikombe, usiendelee kurusha diski ukiwa nayo. Pumzisha mkono, mwone mtaalamu wa viungo, na utakaporudi anza na mirusho michache. Umri haujaamua lolote, ndugu yangu.

Mchangiaji wa tatu:
Kabla hujajiandikisha kwenye mashindano, soma upya kanuni za PDGA, chama kinachosimamia gofu ya diski. Zamani mguu ulipaswa kuwa kwenye mstari nyuma ya alama inayoonyesha pale diski yako ilipotua. Tangu 2018 unakanyaga ndani ya eneo lililo nyuma ya alama hiyo, la upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 30. Ile adhabu ya diski iliyonasa zaidi ya mita 2 juu ya mti nayo haipo tena, isipokuwa mwendesha mashindano atangaze kwamba inatumika. Kwa umri wako unaweza kucheza na wenzako wa miaka 50 na kuendelea, na usidhani huko ni kwepesi.

Mleta uzi:
Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitii. Nilipumzika wiki tano, nikafanya mazoezi ya mkono niliyopewa na mtaalamu, na jana nikaenda uwanjani na diski moja ya masafa ya kati. Nilirusha mara 20 nikiwa nimesimama, bila kukamua. Nyingi zilifika kati ya mita 60 na 65, zimenyooka, zikalala taratibu kwenye nyasi, yaani palepale diski ya kasi ya 13 ilipokuwa inanifikisha kwa maumivu. Leo asubuhi nimenyanyua kikombe bila kufikiria. Wiki ijayo nitaongeza hatua moja tu, na zile za 13 bado ziko kabatini.