Kadi ya Raspberry Pi imegoma baada ya umeme kukatika, kumbukumbu zangu zimo ndani

MfugajiMuheza
Wakuu, naombeni msaada. Nina Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo) inayosoma joto la mashine yangu ya kutotolesha vifaranga kila sekunde 5 na kuandika kwenye faili la SQLite (hifadhidata) ndani ya kadi. Juzi usiku umeme umekatika na kurudi mara tatu. Tangu hapo haiwaki: taa nyekundu ipo, ya kijani inapepesa kidogo kisha kimya, na kwenye runinga yanakuja maandishi yanayoishia na "Kernel panic". Nikiichomeka kadi kwenye laptopu, Windows inataka niifomati. Kadi ya GB 32 nitanunua nyingine, lakini humo mna miezi saba ya joto na unyevu, awamu tisa za mayai, siku 21 kila moja. Nakala sina.

FundiWaya
Pole mkuu. USIIFOMATI. Windows husema hivyo hata kadi ikiwa nzima, maana haisomi ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, na faili lako limo kwenye patisheni (sehemu ya kadi) ya aina hiyo. Usiirudishe kwenye Pi pia. Kila ikijaribu kuwaka inaweza kuandika juu ya vitu vyako. Azima laptopu yenye Linux na nafasi ya kutosha, angalia jina la kadi kwa `lsblk`. Kama ni sdb:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi.img kadi.map`

Hapo unapata nakala ya kadi nzima, na penye ubovu inaruka kwanza, inarudia baadaye. Kadi weka pembeni, tibu nakala:

`sudo losetup -fP --show kadi.img`
`sudo e2fsck -f /dev/loop0p2`

Ikilalamikia superbloku (sehemu yenye maelezo ya mfumo wa mafaili), ongeza `-b 32768`. Mara nyingi ext4 huwa na akiba yake hapo.

BintiWaSaketi
Kaka, chaja unayotumia ni ipi? Pi 3 inataka volti 5, ampea 2.5. Ukiona alama ya radi kwenye kona ya skrini, umeme haufiki vizuri, na hata kadi mpya itakufia. Halafu kuandika kila sekunde 5 ni kuichosha kadi bure. Joto la mayai halibadiliki haraka hivyo.

MfugajiMuheza
Nimerudi. Kunakili kumechukua karibu saa mbili, sehemu chache zimegoma kabisa. e2fsck imeuliza maswali mengi, nimejibu y yote. Faili limepatikana, ila SQLite ikakataa kulifungua vizuri, nikatumia `.recover` na kumwaga kila kitu kwenye faili jipya. Awamu zote tisa zipo! Kilichopotea ni usiku ule wa umeme tu. FundiWaya, Mungu akubariki.

Dada, chaja ilikuwa ya simu, ampea 1. Nimeibadilisha. Sasa inaandika kila dakika 5, na saa sita usiku nakala inakwenda kwenye flashi. Mayai yaliyomo leo yana siku ya 11.

FundiWaya
Safi sana. Ile kadi ya zamani usiitumie tena, hata ikionekana imepona.