Naomba ushauri: waya wa juu usioonekana tukiwa kwenye helikopta

Wenzangu marubani na mafundi wa laini, salamu kutoka Malindi. Ninakaa kando ya rubani tukikagua laini ya umeme ya kilovolti 220 ya Rabai hadi Lamu. Juzi, jua la asubuhi likitupiga usoni, nilikodolea macho kikombe cha kuzuia umeme kilichopasuka, nisiuone waya wa radi (unaokinga laini isipigwe na radi) ulio juu kabisa ya minara, ambao ni mwembamba kuliko nyaya za umeme zenyewe, mpaka rubani alipoinua chombo ghafla. Tangu hapo tunavuka laini juu ya mnara tu, kwa kuwa mnara huonekana, lakini bado nina hofu kubwa. Je, mkaguzi mmoja aweza kutazama vifaa na kutafuta nyaya kwa wakati mmoja, au tudai mtu wa tatu wa kuangalia nyaya pekee?